Mwongozo wa Kupunguza Mwili Bamburi, kwa Hisani ya Wanaokupenda

Kwanza, hongera. Ukiamua kupunguza mwili nawe unaishi Bamburi, iwe ni Mtambo, Fisheries, Utange au ndani huku Kiembeni, basi una utajiri ambao watu wa miji mingine wanaulilia. Una mama wadogo, mashangazi, mashemeji, jirani wa ukuta mmoja, wenzako wa msikitini au kanisani, na chama cha kila mwisho wa mwezi. Wote wanakupenda. Hilo ndilo la kulichunga. Mtu mpweke hupungua kimyakimya. Anapika apendacho, anaacha apendacho, hana wa kumuuliza. Wewe utapungua mbele ya kamati, na kamati itakuja na chakula.

Wataalamu wanasema mtu asijaribu peke yake, awashirikishe ndugu na marafiki. Wana haki, na ushahidi nitauleta huko mbele. Ila sidhani kama wamewahi kukaa mkekani Bamburi, Jumapili saa saba ya mchana, wakamwambia mama mdogo kwamba wali wa nazi wameuacha. Mwongozo huu ni wa yule ambaye hajamwambia bado.

Kutangaza nia

Usitangaze. Waswahili wamesema mficha uchi hazai, na kwa habari ya uzazi sina ubishi nao. Lakini mtangaza mwili hapungui.

Ukitangaza wakati wa kula, mambo yatakwenda kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza kimya. Kisha shangazi atauliza, "Kwani unaumwa?" Ukisema huumwi, swali litahamia kwa aliyeko jikoni: "Mumewe amemwambia nini huyu?" Mumeo, ambaye hana habari, yuko nje anahangaika na pikipiki, atakuwa ameshtakiwa, amehukumiwa na amesamehewa kabla hajanawa mikono. Kama wewe ni mwanamume, atashtakiwa mkeo, kwamba hapiki. Halafu atajitokeza mzee mmoja aseme ukoo wetu ndivyo ulivyo, mifupa yetu mizito, na babu yako alikuwa vivyo hivyo na akaishi akaona vitukuu. Mwisho utaongezwa wali, wa kukupoza moyo.

Usiwacheke hao mashangazi. Mtu aliye na miaka 60 leo aliishi wakati ambapo kukonda kulikuwa na maana moja tu. Uganda, katika miaka ya 1980, watu waliuita ukimwi "slim", na madaktari walipoandika habari zake katika jarida la Lancet mwaka 1985 walitumia jina hilo hilo. Kwetu serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na kufikia hapo nyumba nyingi zilikuwa zimeshazika. Mwanamke aliyemuuguza mdogo wake miaka ile, akisikia umepungua kilo saba, haoni afya. Anaona matanga. Mpe muda, tena umjibu kwa upole.

Ukilazimika kutoa sababu, sema "daktari amesema". Hayo maneno mawili hupita kila mlango. Lakini ugonjwa wenyewe uuchague kwa busara. Ukisema sukari, kufikia Ijumaa Mtopanga nzima itajua kuwa umekatwa mguu. Presha ndiyo salama. Nusu ya ukoo wanayo, wanaiheshimu, na ubaya wake ni mmoja tu, kwamba watakugawia vidonge vyao. Vipokee, shukuru, usimeze.

Tarehe ya kuanza

Wenzetu huanza Januari. Hapa kwetu ni lazima kwanza utazame kalenda, na kalenda ukishaitazama utakata tamaa, kwa hivyo nitakutazamia mimi.

Shaabani ikikaribia kwisha kuna kuvunja jungu, watu wanabeba masufuria hadi ufuoni na kula utadhani chakula kitapigwa marufuku kesho yake. Inafuata Ramadhani, mwezi ambao asiyejua angetarajia mtu apungue, kumbe ndio mwezi wa kaimati, sambusa, mihogo ya nazi, viazi vya nazi, tambi na mkate wa sinia, vyote vikishindaniwa kati ya magharibi na daku. Kisha Idi. Kisha harusi zote zilizokuwa zikisubiri Idi. Kisha Idi ya kuchinja, na nyama inazunguka mitaani kwa mifuko hata kwa wasiofunga. Kisha Maulidi. Desemba watu wa bara wanateremka, na tangu reli mpya ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, binamu anaweza kunywa chai Nairobi na kula chakula cha mchana kwako. Hakuja Mombasa kula kabichi.

Tarehe nzuri ya kuanza ni Jumanne yoyote, mchana, bila kumwambia mtu.

Sinia

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapozama. Ushauri wa vitabuni ni kwamba utumie sahani ndogo, upime wali kwa ngumi yako, uache kula ukihisi umetosheka. Umeandikwa kwa mtu mwenye sahani yake. Kwenye sinia huna sahani. Una upande.

Tazama inavyokwenda. Pilau imejaa sinia, nyama iko katikati, kachumbari imewekwa pembeni, na kila mlaji ana ndizi yake mbivu. Mmekaa wanne au watano. Kila mtu anakula mbele yake, ndiyo adabu, kwa hivyo hesabu ya ulichokula inaonekana na wote: mbele ya wenzako kuna mabonde, mbele yako kuna kilima. Mzee wa sinia, yule anayegawa nyama, hatakuuliza neno. Atachambua mnofu kwa vidole vitatu, auweke sawa, ausukume upande wako huku akiendelea kuzungumza na mtu mwingine. Kuukataa mnofu huo ni kama kuuacha mkono wa salamu ukining'inia. Na ukiwa wa kwanza kuondoa mkono sinia, wengine wataona haya kuendelea, na mwenye nyumba atatoka jikoni kuuliza kama chumvi imezidi. Umewafungia breki sinia nzima.

Kuna njia. Kaa karibu na kijana wa miaka 17 anayecheza mpira. Mzee akikusukumia mnofu, nawe msukumie kijana. Atamaliza upande wake, atahamia wako, na bonde litachimbika lenyewe. Akija samaki wa kupaka, shika kazi ya kuwatolea watoto miiba, maana anayetoa miiba husifiwa na wala hahesabiwi matonge. Jitolee kunawisha wageni. Mwenye birika na beseni hula mwisho, na mwisho hubaki ukoko. (Ukoko nao una wapenzi wake. Jichunge.) Yote yakishindikana, uliza kuhusu shamba la ukoo: ni nani aliye na hati, na yule bwana aliyejenga ukuta mwaka juzi aliuziwa na nani. Kwa Pwani hii swali hilo litasimamisha sinia nzima dakika 20, na pilau iliyopoa haivuti.

Kwa mama mdogo hakuna sinia, kuna mwiko. Ukimwambia "kidogo tu", ataweka mwiko mmoja, ataukandamiza kwa mgongo wa mwiko hadi wali ushikane, ataongeza wa pili kwa sababu mmoja haupendezi, atalainisha juu kwa mchuzi, kisha atasimama pale pale akutazame. Kwa macho ni kidogo kweli. Kwa mizani ni chakula cha mtu na nusu.

Na huo ni wali wa nazi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au sukari ina 4, na mafuta ya nazi yamejikusanya kwenye kasimile, lile tui la kwanza: kikombe kikubwa kimoja kina zaidi ya kalori 400, na hapo mchele bado uko kwenye ungo. Sasa usije ukamsomea mama mdogo hesabu hizi. Mwambie tu kwamba wewe unapenda wali wa tui la pili, jepesi, kwa kuwa ndivyo marehemu nyanya alivyokuwa akipika. Hoja ya kalori itashindwa. Hoja ya marehemu nyanya haijawahi kushindwa Bamburi.

Chai ni hatari ya chini chini, kwa sababu hakuna anayeiita chakula. Ukizuru nyumba tano kwa siku moja, na siku ya Idi ni chache hizo, utapewa vikombe vitano, na sukari haina mazungumzo: ilishachemka sufuriani na maziwa. Vijiko vitatu kwa kikombe ni vijiko 15, kama gramu 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo ni kama gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000. Umeshapita, na hamri hujaligusa. Omba kahawa chungu. Mzee wa nyumba atakusifu kwamba wewe ndiye mtu mzima kati ya vijana wa siku hizi, na kashata utaikataa kwa kusingizia jino.

Wasaidizi watakaojitokeza

Mwili ukianza kupungua siri itatoka yenyewe, na hapo msaada utakuja bila kuitwa.

Atatangulia rafiki wa dawa. Atakuletea kifurushi cha sanamaki, na habari za dada mmoja wa Kisauni aliyerudi kuvaa nguo za ubikira wake kwa wiki mbili. Utakunywa, utaamka usiku, utaamka tena, na asubuhi mizani itasema kilo imetoka. Ulichopoteza ni maji na usingizi. Sanamaki husukuma utumbo mpana, na chakula huwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kufika huko. Pilau ya jana haikurudi. Na ukiizoea, utumbo nao huenda ukazoea kusukumwa.

Halafu kuna atakayekata shauri kwamba huku si kupungua, ni husda. Utaletewa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi. Kunywa, tena kwa heshima. Katika vyote utakavyoletewa mwaka huo, ndicho kinywaji pekee kisichotiwa sukari.

Wa kuogopwa zaidi ni kijana wa bodaboda, kwa sababu ni mwema. Umetoka kwako kwenda stejini kwa miguu, hatua 200 hujazimaliza, huyo keshasimama. "Mama, panda." Unamwambia leo unatembea. "Panda tu, utalipa kesho." Unamwambia unafanya mazoezi. Anakutazama kwa huruma, ameshaelewa kuwa huna nauli na unaona aibu kusema, na sasa anakupeleka bure. Kuna watu mtaani humu hawajatembea mwaka mzima kwa sababu ya wema wa namna hii. Dawa yake ni moja: mlipe asubuhi nauli ya kutokubeba. Atashangaa siku ya kwanza, ya pili atakuwa mlinzi wako, na atawafukuza wenzake wote hadi barabara kuu ya Malindi.

Kisha kuna bwana mwenye mizani kando ya njia, anayekupima kwa shilingi chache. Mizani yake haina neno. Tatizo ni sauti yake, kwani husoma namba kama kondakta anayeita abiria. Nenda saa ambayo matatu hazijasimama. Ukishaipata namba, igawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 85 na urefu wa mita 1.60 anapata 33. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Usijione uko peke yako: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wako kwenye 25 au zaidi. Katika chama cha wanawake 12, hao ni wanne, kwa hesabu ya wakati ule.

Shemeji aliyewahi kupungua zamani na sasa amerudi alipokuwa, msikilize kwa adabu. Basi.

Ushahidi nilioahidi

Mwaka 2007 Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha hesabu za watu 12,067 wa Framingham, Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka 32. Rafiki wa mtu akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa mtu huyo naye kunenepa ulipanda kwa asilimia 57. Akiwa ni ndugu, asilimia 40. Akiwa ni mume au mke, 37. Wapo wataalamu waliobishana na njia yao ya kuhesabu, na ubishi huo ni wao. Mtu aliyezoea baraza anajua kwamba bakuli la viazi karai likiwekwa katikati, mkono haumuulizi mwenyewe.

Kumbe mlango huo huo unafunguka kwa ndani pia. Mwaka 1999 Rena Wing na Robert Jeffery, huko huko Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lao. Kati ya waliojiandikisha peke yao na kupewa mafunzo ya kawaida, asilimia 76 walimaliza, na miezi sita baada ya mafunzo ni asilimia 24 tu walioshikilia chote walichopunguza. Walioingia pamoja na marafiki au jamaa watatu, wakafunzwa na kusaidiana, walimaliza asilimia 95, na walioshikilia walikuwa 66. Tofauti hiyo si ya kuchezea.

Kabla yao kulikuwa na Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York. Alikuwa akificha biskuti kwenye kapu la nguo chafu ili asionekane anakula. Mwaka 1961 aliwaita marafiki sita nyumbani kwake, akawaeleza, nao wakaeleza yao, na wiki iliyofuata wakarudi. Mwaka 1963 kikao kile kikawa kampuni, Weight Watchers, iliyoenea dunia nzima. Sisi hapa hatukuhitaji kampuni kutufundisha. Kile ni chama. Kasoro ni kwamba kwenye chama chetu mwenyeji wa mwezi hupika, na sijaona mwenyeji anayekubali kusemwa kwamba alipika kidogo kuliko wa mwezi uliopita. Ukiweza kupitisha hoja kwamba mwenyeji atoe matunda na maji, na pesa ya pilau iingie kwenye mzunguko, umefanya kazi ya maana. Ipeleke hoja hiyo kwa mweka hazina, usiipeleke kwa mwenyekiti.

Lakini ushahidi ninaoupenda mimi haukutoka Marekani. Ulitoka Haller Park, hapa hapa Mtambo. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipofika pwani yetu, kiboko mchanga alikutwa amekwama baharini karibu na Malindi, peke yake. Walimwokoa kesho yake, wakamleta Bamburi, wakamwita Owen. Alikuwa na kilo karibu 300, na hakuwa na mama. Ndani ya zizi alimkuta kobe mkubwa wa Aldabra, aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130, akajibanza nyuma yake. Kobe alimkimbia, kwa kasi ya kobe. Owen akamfuata. Baada ya siku chache walikuwa wakilala pamoja, na Owen akaanza kula majani kando ya Mzee, akimtazama anachokula naye akila kile kile. Picha zao zilizunguka dunia na vitabu vikaandikwa.

Watu husimulia kisa hicho kama hadithi ya mapenzi. Mimi nakisoma kama habari ya malisho. Mzee hakumpa Owen moyo, hakumtumia ujumbe wa asubuhi, hakumwuliza amefikia wapi. Alikula majani yake, na aliyekuwa kando akala majani. Rudi kwa Nidetch na marafiki zake sita, rudi kwa wale wa mwaka 1999, utaona ni mambo yale yale: waliofaa ni waliokuwa wakifanya, na waliokuwa pembezoni wakishangilia hawakuhesabiwa.

Kwa hivyo kamati yako haikufai, na usipoteze nguvu kuigeuza. Tafuta mmoja.

Huyo mmoja, na pa kwenda naye

Awe karibu, awe mtu wa kuamka alfajiri, na asiwe na habari nyingi za watu, maana mwenye habari nyingi husimama kila akikumbuka jina.

Kuhusu ufuo, jihadhari na mipango mizuri. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua, na maji yakijaa wakati huo, mchanga mgumu wa kukanyaga vizuri hauonekani. Unabaki na ule laini wa juu unaoumiza mishipa ya miguu, au ukuta wa hoteli. Kwa hivyo anayekwambia "tukutane Pirates kila siku saa kumi na mbili asubuhi" ama si mtu wa pwani, ama hana nia ya kuja. Waulize wavuvi. Na mkirudi, piteni mbali na muuza mihogo ya kukaanga. Najua ile pilipili na ndimu inavyonukia. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kama kalori 120, ambazo mtu wa kilo 80 huzimaliza kwa kutembea kama kilomita mbili, na muhogo haukaangwi kwa kijiko kimoja.

Siku maji yamejaa kuna njia za msituni, zilizotengenezwa kwa watembeao, wakimbiao na waendesha baiskeli. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, kilichoanza kazi mwaka 1954. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye mwamba mtupu, na mvinje ukawa kati ya michache iliyokubali. Majani yake yalianguka yakarundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wayale na kuyageuza udongo. Mpaka leo jongoo ndiye mkaaji pekee wa Bamburi aliyesifiwa kwa kula kila alichoangushiwa. Hata twiga wa hapo jirani hulishwa kwa saa maalumu.

Sasa neno la mwisho kuhusu huyo mmoja. Ikiwezekana, awe ndiye anayepika.

Usimwombe akusaidie, akikusaidia atapika. Mwombe umsaidie yeye. Mwambie mama mdogo kwamba unaogopa mbwa wa njiani alfajiri, na huna wa kukusindikiza. Atatoka na dera lake, ndara zake na fimbo, atembee mbele, awakemee mbwa ambao hawapo, na njiani akueleze ndoa zote za ukoo tangu Uhuru. Mwendo utakuwa wa polepole. Usiuharakishe. Ataanza kupanda ngazi bila kushika kiuno, na presha yake ikipimwa huenda ikawa imeshuka. Siku hiyo ndiyo utakayomsikia akitangaza jikoni, mbele ya watu, kwamba yeye siku zote alisema kasimile imezidi nguvu na wali mzuri ni wa tui la pili. Atasema pia kwamba wazo la kutembea lilikuwa lake, alilitoa kwa kukuonea huruma. Utange nzima itaamini. Nawe itikia, "Ni kweli, mama."

Kisha watakufanyia dua ya shukrani, na itakuwa na biriani. Hiyo haina kisingizio, wala presha haitakuokoa. Nenda, lakini nenda kwa miguu, mlipe kijana wa bodaboda mapema, na ukifika uliza kwanza yule mcheza mpira amekaa sinia gani.